Dada alizimia akichorwa tatuu, na mimi zamu yangu Jumamosi. Nijiandaeje?

BintiTabata
Wakuu habari za jioni. Nina miadi ya kuchora tatuu Jumamosi hii, mkono wa kulia kuanzia chini ya kiwiko mpaka karibu na kiganja, tawi la asumini na jina la marehemu bibi yangu. Advansi nimeshalipa. Sasa shida iko hapa, mwezi uliopita dada yangu (mtoto wa mama mkubwa) alienda kuchora paja, mimi nikamsindikiza, tumekaa pale stori zinaenda vizuri tu, mchoro hata nusu haujafika akasema anaona giza, mara kichwa kikaanguka pembeni, jasho la baridi linamtoka. Tukammwagia maji akaamka, akapewa soda, kazi ikaishia hapo na mpaka leo paja lina nusu kipepeo. Na sio muoga kabisa huyu dada, kazaa mara mbili na damu anachangia kila wakusanya damu wakija chuoni kwao. Nyumbani kila mtu ana sababu yake, mama mkubwa anasema ni adhabu. Wanaojua naomba mniambie ni nini kilimwangusha, na mimi nijiandaeje yasinikute. Nawasilisha.

MzaramoPwani
Nusu kipepeo 😂😂😂 dah. Weka picha kwanza, uzi bila picha ya kipepeo mimi sichangii.

ShemejiWaWote
Njaa hiyo hakuna kingine. Nyie mabinti mkienda sehemu ya kupigwa picha hamli tangu jana yake ili tumbo liwe flati. Muulize asubuhi alikula nini, atakwambia chai ya rangi. Mwili ukiumizwa unatumia sukari, ikiisha unaanguka. Jumamosi piga ugali na dagaa au chapati maharage kama saa moja na nusu mpaka masaa mawili kabla ya kuchorwa, alafu kwenye pochi weka pipi na juisi. Mdogo wangu alichora mgongo mzima anakula visheti katikati ya kazi, hakutetereka.

FundiSindano
Nachora hapa Dar miaka sasa, ngoja niongee kama fundi.

Maandalizi yanaanza siku kadhaa kabla. Ngozi iwe na afya, paka losheni au mafuta kila siku ila siku yenyewe usipake kitu, njoo umeoga tu. Usiende kuanikwa juani ukaungua, ngozi iliyoungua sichori nakurudisha nyumbani. Usijinyoe mwenyewe kwa wembe wa dukani, utajikata, utatoka vipele, vipele navyo sichori juu yake, hapa kila mteja ananyolewa na kifaa kipya kinatupwa. Lala mapema. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Pombe acha angalau masaa 24, mteja aliyelewa jana usiku damu inatoka sana inasukuma wino nje, nafuta nafuta sioni mstari. Vaa nguo ya giza isiyobana, mkono mfupi au singlendi, kanga ya kujifunika si mbaya maana ukikaa muda mrefu mwili unapoa. Nenda chooni kabla hatujaanza.

Na umlete mtu mmoja. Mmoja. Kuna watu wanakuja na kikosi cha wapambe, wote wanashauri rangi.

Kuhusu kuzimia, mimi ninachokiona kazini ni watu kubana pumzi. Sindano ikigusa tu mtu anakaza meno, anashika pumzi, baada ya dakika chache kizunguzungu. Ndo maana nawapigisha stori. Na wanaoanguka sana kwangu ni wale mabaunsa wenye vifua, wanawake wachache mno.

NesiWaZamu
BintiTabata pole kwa dada. Kwanza niseme jambo moja, mtu akizimia msimmwagie maji. Mlaze chali sakafuni, inua miguu yake iwe juu ya usawa wa kifua, legeza nguo, fungua madirisha. Na soda msimpe mpaka awe ameamka kabisa anaongea vizuri, akiwa nusu nusu inaweza kumpalia.

Kwa maelezo yako huo ni mzimio wa kawaida kabisa. Kuna neva ndefu inaitwa vagasi, ikichochewa na maumivu, kuona damu, joto au kukaa wima muda mrefu, mapigo ya moyo yanapungua, mishipa ya miguuni inalegea, presha inashuka ghafla na ubongo unakosa damu kwa muda mfupi. Giza machoni, jasho baridi, kichefuchefu, hizo ndo dalili zake. Hauhusiani na uoga peke yake, mtu jasiri pia anaanguka. Ukiona dalili mwambie fundi asimamishe, ulale, usijikaze.

Shemeji, njaa inachangia ila sio lazima sukari iwe imeisha, mtu mwenye afya mwili wake unajua kutoa akiba.

ShemejiWaWote
Sawa nesi ila mbona kwenye kuchangia damu haanguki? Sindano ile ni kubwa kuliko hii.

NesiWaZamu
Ile inaingia mara moja, umelala au umeegemea, dakika chache umemaliza, na kabla ya hapo tumekuuliza kama umekula. Tatuu ni masaa. Tofauti hiyo.

MzaramoPwani
Fundi kasema mabaunsa ndo wanaanguka, hapa ndo nimeipenda JF (JamiiForums) hii ya kwetu. Kuna jamaa wa gym yetu alienda kuchora simba, karudi na mkia tu.

JamaaWaUmoja
Sasa wadau, mimi niko Nairobi. Nyote mmezunguka tu, ulizeni kama alipaka krimu ya ganzi. Hizi krimu zinauzwa mitandaoni hakuna mtu amezipima, unaona imeandikwa lidokeni (dawa ya ganzi) asilimia 10 na hujui ndani kuna nini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwezi wa tatu 2024 ilitoa onyo kuhusu krimu zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokeni zaidi ya asilimia 4, na walitaja kabisa kazi za ngozi kama tatuu. Ukipaka sehemu kubwa kama paja halafu ufunge na plastiki, dawa inaingia kwenye damu nyingi, moyo unaweza kwenda mrama, mtu anaweza pata degedege au pumzi ikakosa. Beshte yangu alipaka mguu mzima kabla ya kutoka nyumbani ndio afike akiwa tayari, kwa matatu akaanza kusema ulimi hausikii. Tukamtoa krimu kwa kitambaa na maji hapo hapo stejini.

BintiTabata
Ahsanteni sana jamani. Nimempigia dada sasa hivi. Majibu yake haya, msimcheke:

Asubuhi alikunywa uji kidogo. Krimu NDIYO alipaka, alinunua kwa mdada wa online, alifunga paja lote na plastiki ile ya kufungia chakula na akakaa nayo muda mrefu kwa sababu foleni ilikuwa mbaya. Anasema kabla ya kuanguka masikio yalikuwa yanavuma. Jana yake usiku alikuwa kwenye sendofu ya rafiki yake, alikunywa "kidogo". Alafu na mimi nakumbuka umeme ulikatika, feni ikazima, yule fundi mashine yake ilikuwa ya betri kwa hiyo akaendelea, chumba kikawa joto kweli.

MzaramoPwani
Uji kidogo, pombe kidogo, krimu nyingi, feni hakuna. Huyu dada alikuwa anaitafuta ile hali kwa bidii zote.

JamaaWaUmoja
Masikio kuvuma! Si nilisema. Hiyo ni dalili ya lidokeni kuzidi kwa damu, soma karatasi yoyote ya hiyo dawa. Case closed… yaani imeisha hiyo.

NesiWaZamu
Haijaisha mkuu. Ni kweli lidokeni ikizidi masikio yanavuma, mdomo unakufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni. Lakini hata anayezimia kawaida masikio yanavuma kabla hajaanguka. Na aliamka haraka, hilo linaelekea zaidi kwenye neva kuliko sumu ya dawa. Ila na mimi siwezi kuifuta krimu, kukaa nayo muda mrefu chini ya plastiki sio salama. Zile za hospitali zenye lidokeni na prilokeini asilimia 2.5 kila moja zina maelekezo ya eneo na muda, na prilokeini nayo ikizidi inafanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri, midomo inakuwa ya bluu au kijivu. BintiTabata muulize dada kama mdomo ulikuwa na ganzi.

BintiTabata
Anasema hakumbuki, alikuwa anatafuna bigijii.

FundiSindano
Krimu mimi siipendi kwa sababu nyingine pia. Ngozi inabadilika, inakuwa laini inateleza, mstari unakuja vibaya, na ikiisha nguvu katikati ya kazi maumivu yanarudi yote kwa mpigo mteja anaruka. Na mteja akija kapaka bila kuniambia simchori. Kwa mkono wa chini hauhitaji kabisa, ni sehemu nyepesi. Mbavu, nyuma ya goti, juu ya kifundo cha mguu, huko ndo kuna kazi.

DogoWino
Fundi heshima yako ila mimi pia nachora, Arusha, na krimu nzuri ikipakwa kwa kipimo na ikafutwa vizuri haina shida yoyote kwenye mstari. Wengi wanaosema hivyo wamezoea wateja wa kujikaza. Kuzimia mimi nasema ni joto. Chumba bila hewa, mtu kakaa na taa ya kuchorea inammulika, atakosaje kuanguka. BintiTabata muulize fundi wako kama ana jenereta au inveta, na kama mita ya LUKU ina yuniti, usicheke, mimi nimeshaona kazi imesimama fundi anaomba mteja amrushie hela ya umeme.

MamaTausi
Wanaume mmeongea, sasa mnisikilize. Huyo dada alikuwa kwenye siku zake au anakaribia? Mimi tatuu ya kwanza nilichora nikiwa vizuri sikusikia kitu, ya pili niliingia siku ya pili ya hedhi, nilikuwa natamani kumpiga yule kijana. Damu imepungua, mwili umechoka, maumivu mara mbili. Angalia kalenda yako mwanangu kabla ya Jumamosi.

LuluWaMbezi
Mama mimi nilichora nikiwa kwenye siku na sikuona tofauti yoyote. Kila mwili na mambo yake.

MamaTausi
We subiri uzae.

KandaMaalumu
Mnazunguka sana mnaogopa kusema. Kuna watu wana majini ya ukoo, damu ya ukoo haitakiwi kumwagika ovyo, sindano ikigusa tu yanapanda. Muulize mama mkubwa vizuri kama kwao hakuna mtu alikuwa na mizigo. Na we unaenda kuandika jina la bibi, umeomba ruhusa?

MzaramoPwani
Kipepeo kimepanda majini 😂 sasa yale majini ya nusu nyingine yako wapi?

MpembaMtulivu
Assalaam alaykum. Dada yangu bila ya kukuudhi, kwenye Sahihi Bukhari kuna hadithi Mtume (SAW) kamlaani mwenye kuchora na mwenye kuchorwa. Hapo hakuna haja ya kutafuta krimu wala feni. Kama bado hujachora, advansi iwache iende.

LuluWaMbezi
Ostadhi samahani nauliza kwa heshima, mtu aliyechora kabla hajajua udhu wake unakubalika? Nimeambiwa maji hayafiki kwenye ngozi.

MpembaMtulivu
Wino uko chini ya ngozi, hauzuwii maji kama rangi ya kucha. Udhu wake sahihi na sala yake sahihi. Kilichobaki ni toba. Wanaosema haswali mpaka auchune mkono wanazidisha.

MleWaKwaya
Na sisi Wakristo Walawi 19:28 inakataza kujiandika alama mwilini, tena imetaja kabisa habari ya wafu. Na wewe unaandika jina la marehemu. Tafakari.

Mhabeshi_wa_Ilala
Mle wa kwaya, Wakopti wa Misri wanachora msalaba kwenye kifundo cha mkono tangu wakiwa watoto, ndo kitambulisho chao cha ukristo. Ethiopia mama zetu wa vijijini wana msalaba kwenye paji la uso. Hao nao waambie watafakari?

MleWaKwaya
Kila mtu atajibu la kwake siku ile.

KijanaWaNewala
Afu msije mkasema tatuu ni mambo ya kuiga wazungu. Bibi yangu mzaa baba Mmakonde wa Newala alikuwa na nembo uso mzima, mashavu, paji la uso, na tumboni. Walichanja kwa kisu kidogo, wakasugua masizi ya mbarika, kidonda kikipona wanarudia tena ili ikolee. Krimu ya ganzi ilikuwa shangazi zako wamekushika mikono na miguu. Alikuwa anasema aliyelia alichekwa mpaka anaolewa. Msumbiji huko upande wa pili wa Ruvuma, chama cha Frelimo walivyoshika hatamu walipiga vita mambo hayo na vijana wakaacha. Sasa wajukuu tunalipa laki na nusu tuandikwe jina la mpenzi tuliyekutana Krismasi.

ShemejiWaWote
Waliokuwa wanashikwa na mashangazi walikuwa wanakula kwanza au?

KijanaWaNewala
Hilo sikumuuliza, sasa hivi nitamuuliza wapi.

BiPiko
Wanangu nyote nawasalimu, mie ni Mombasa, kazi yangu harusi, hina na piko (ile rangi nyeusi ya kuchora). BintiTabata kama hujawahi kuchora, mbona usitie hina kwanza mchoro ule ule mahali pale pale ukae nao wiki uone kama wakupendeza? Wengi huja kwangu kujaribu hivyo na wengine hughairi. Lakini sharti iwe hina ya majani iliyosagwa. Ukiona dawa nyeusi ti ya haraka, hiyo imetiwa rangi ya nywele, ina kemikali yaitwa PPD, yaweza kukutoa malengelenge na kuacha alama ya mchoro huo huo kwenye ngozi. Nimewaona watalii wakilia na mikono imefura. Kwa piko usijaribie mchoro wa tatuu.

FundiSindano
Bi Piko ushauri wako dhahabu. Naongezea, ukiwa na historia ya kuvimba kwa rangi ya nywele au piko mwambie fundi wako mapema hata kama wino mweusi wa tatuu kwa kawaida ni masizi ya kaboni. Wino mwekundu ndo unaongoza kuwasumbua watu, kuwasha na kuvimba hata baada ya muda mrefu.

Halafu kuhusu ngozi zetu. Wino unakaa kwenye tabaka la chini la ngozi, rangi yako ya asili iko juu yake, kwa hiyo unaangalia wino kupitia rangi yako. Mchoro unaouona kwenye simu uliochorwa kwa Mzungu ukija kwako hautakuwa vile. Maua madogo madogo yenye mistari myembamba sana yakisogeleana, miaka michache yanakuwa doa. Asumini yako muombe fundi aikuze, majani yapungue, mistari iwe na nafasi. Na muombe picha za kazi zilizopona kwenye ngozi nyeusi, zenye mwaka na zaidi. Picha ya tatuu iliyochorwa sasa hivi inang'aa kwa kila mtu.

Makovu pia. Jiangalie ulipotoboa sikio, ulipochanjwa begani, ulipojikata. Kama kovu lilivimba likakua kupita kidonda chenyewe, hiyo ni keloidi, na ngozi nyeusi inapata zaidi. Kifuani na mabegani ndo nyumbani kwake.

BintiTabata
Masikio yangu mazuri tu. Bi Piko shikamoo, ahsante sana, ila hina siku tatu hizi haitoshi na harufu yake mie inaniumiza kichwa.

BiPiko
Marahaba mwanangu. Basi jichoree kwa kalamu.

MfamasiaWaKona
Nimeona mmesahau dawa. Kama kichwa kinauma wiki hii meza Panadol, aspirini iache. Aspirini inazilemaza zile chembe za kugandisha damu kwa maisha yao yote, siku 7 mpaka 10, kwa hiyo kuimeza Jumatano na kuacha Alhamisi hakusaidii. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zinaongeza kutoka damu ila zinaisha haraka zaidi. LAKINI kama umeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kitu kingine usiache kwa sababu ya asumini, rudi kwa daktari umuulize. Mwenye sukari isiyotulia na anayemeza dawa za kushusha kinga vile vile.

Na chanjo ya homa ya ini B. Kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza, kwenye meza, kwenye chupa ya wino, kwenye waya wa mashine. Chanjo kwa mtu mzima ni dozi 3, leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Kwa Jumamosi umechelewa ila anza. Homa ya ini C haina chanjo kabisa. Kwa hiyo macho yako Jumamosi yawe kwenye mikono ya fundi, sindano itoke kwenye pakiti mbele yako na tarehe uisome, wino umiminwe kwenye vikopo vidogo vya kutupa, sio kuchovya kwenye chupa kubwa, glovu zibadilishwe akishika simu. Akikwambia vyuma vyake anachemsha kwenye sufuria, ondoka. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu, inafika nyuzi 121 kwa mvuke wenye shinikizo, dakika 15, sufuria haifiki huko.

KamandaMtarajiwa
BintiTabata una umri gani na una mpango wa ajira gani? Nauliza kwa sababu matangazo ya Polisi, Uhamiaji, Zimamoto, yote nimeyasoma yanasema mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Mkono wa kulia chini ya kiwiko ndo sehemu ya kwanza wanaangalia. Jamaa yangu alifika mpaka usaili, akavuliwa shati, nyota ndogo tu begani, akarudishwa. Sasa hivi anauliza kufuta kwa leza, kaambiwa mara nyingi nyingi na ngozi nyeusi inaweza kubaki na baka jeupe.

BintiTabata
Mkuu mimi ni mpishi wa keki, jeshi halinihusu.

MzaramoPwani
Keki ya nusu kipepeo tunaagiza wapi

LuluWaMbezi
Swali, ni kweli ukichora huruhusiwi kuchangia damu tena maisha yako yote? Dada wa BintiTabata si anachangia.

NesiWaZamu
Sio maisha, ni kusubiri. Muda unategemea nchi, Uingereza ni miezi 4, Marekani walishusha mpaka miezi 3 mwaka 2020. Hapa kwetu ukifika utaulizwa, jibu ukweli, na chale za mganga pia utaje, watu wanataja tatuu wanaficha chale.

Na kabla hamjauliza, ile habari ya kuwa ukichora kiuno hutachomwa ganzi ya mgongo ukijifungua, wataalamu wengi wa ganzi wanakwepa tu kupita kwenye wino, hasa kidonda kikiwa kibichi, wanatafuta nafasi isiyo na wino. Sio kwamba unarudishwa nyumbani na mimba yako.

MswahiliHamburg
Mimi niko Hamburg huku mambo ni fomu. Unasaini karatasi, unaulizwa magonjwa yote ya ukoo wenu. Wino wenyewe Umoja wa Ulaya walibana kemikali kibao kuanzia Januari 2022, mafundi wakalia na bluu na kijani zao. Ila hili la pombe mnalikuza, mimi nilikunywa bia jioni yake na tatuu yangu nzuri mpaka leo. Na kahawa vile vile eti inachuruzisha damu, nilikunywa vikombe vingapi sijui.

FundiSindano
Mswahili, bia moja na usiku wa sendofu sio kitu kimoja. Na aliyekuchora ndo anajua alifuta damu kiasi gani, wewe ulikuwa unaangalia simu.

DogoWino
Hapo fundi nakuunga mkono kwa mara ya kwanza. Kahawa lakini mimi sijaona shida zaidi ya mteja kutetemeka na kwenda chooni kila saa.

ShemejiWaWote
Kwa hiyo jumla ya maneno yote mmekubali ni njaa.

JamaaWaUmoja
Krimu.

DogoWino
Joto.

KandaMaalumu
Mtanikumbuka.

BintiTabata
Jamani mmenisaidia kweli, krimu naacha, nimemwambia fundi wangu abadilishe asumini iwe kubwa na kanitumia picha za kazi za zamani nimeridhika. Jina la bibi nimeliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili asikosee. Swali la mwisho, Jumapili tuna bethdei ya rafiki yangu kisiwani Mbudya, boti nimeshalipia, nikichora Jumamosi asubuhi nikaoga baharini Jumapili kidogo tu mkono nikiuinua juu, au nifunge na plastiki ya chakula?

NesiWaZamu
HAPANA.

MfamasiaWaKona
Wewe binti umesoma uzi huu wote ukafika hapa?? 

FundiSindano
Tatuu ni kidonda kilicho wazi. Bahari, bwawa la kuogelea, mto, hakuna mpaka ngozi ifunge, hesabu wiki 2 mpaka 3 na wengine mwezi. Kuoga nyumbani maji yanayopita ruhusa, kulowekwa hapana. Na jua la Mbudya mchana kwenye kidonda, losheni ya jua nayo huruhusiwi kupaka juu yake bado. Mchanga sijautaja.

NesiWaZamu
Kuna kisa kilichapishwa kwenye jarida la kitabibu la visa vya wagonjwa la BMJ mwaka 2017, mwanaume Marekani aliogelea Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchora mguu, akapata bakteria wa maji ya chumvi anaitwa Vibrio vulnificus. Alikuwa na ugonjwa wa ini wa pombe tayari, ndo uliomuweka hatarini zaidi, na alifariki. Mtu mzima wa afya mara nyingi hafiki huko ila usiuzungushe mkono juu ya mawimbi kama askari wa trafiki ukategemea bahati. Plastiki haizuii maji ya bahari, inayafungia ndani.

DogoWino
Chagua moja. Mafundi wengi ukitoa taarifa mapema wanahamisha tarehe na advansi inabaki palepale, ukikata asubuhi yake ndo inaliwa.

BintiTabata
Nimeongea naye. Kahamisha mpaka Jumamosi ya wiki mbili zijazo, advansi haijapotea. Mbudya naenda.

MamaTausi
Na kalenda umeangalia?

BintiTabata
Nimeangalia mama, niko salama.

MzaramoPwani
Boti hiyo ina siti? Nauliza kwa niaba ya dada wa kipepeo, akae upande ambao haujachorwa.

BintiTabata
Siti ipo moja, elfu thelathini na tano na chakula ndani, pweza na chipsi. Njoo PM.

ShemejiWaWote
Chakula kinatolewa saa ngapi, asubuhi au mkifika?